Deni Letu kwa Mzee Kitereza

Leo nina neno nataka kukuambia, nalo sitalizungusha. Mimi na wewe tunadaiwa. Deni lenyewe halilipwi kwa fedha wala kwa ng'ombe, na aliyetudai alikwisha kufariki mwaka 1981 katika kisiwa cha Ukerewe, akiwa mzee wa miaka themanini na tano, mnyonge wa mali. Jina lake ni Aniceti Kitereza. Kama jina hili hulijui, basi hapo ndipo deni lenyewe lilipoanzia.

Kisa cha kuandika haya ni hiki. Majuzi, baada ya sala ya Alasiri, nilikuwa nimekaa barazani hapa kwetu Segese nikisoma. Vijana wawili watatu waliotoka kwenye makarasha, vumbi la mawe bado li nyusoni mwao, wakaja kupumzika kivulini. Mmoja akaniuliza, "Ustadhi, chuo gani hicho unachosoma?" Nikamwambia ni hadithi iliyotungwa na mzee wa Ukerewe. Akastaajabu. "Kwa umri wako, Ustadhi, wasoma hadithi? Tena ya Mkerewe, tena Mkristo? Itatusaidia nini?" Wenzake wakacheka. Sikumjibu siku ile, kwani nilihisi hasira, na mwenye hasira hujibu vibaya. Namjibu leo, nawe msomaji uwe shahidi baina yetu.

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Kitereza alizaliwa mwaka 1896, zama za Wajerumani, katika ukoo wa kitawala. Akiwa kijana alipelekwa seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, akasoma huko miaka mingi, akajifunza Kilatini na Kijerumani pamoja na lugha nyingine. Hakuwa padri. Alirudi kwao, akamwoa mwanamke mmoja, akaishi naye, wala hawakubahatika kubaki na mtoto wa kuwarithi. Mtu aliyesoma kiasi kile angeweza kuwadharau wazee wa kijijini, kama tunavyofanya sisi tukipata cheti kimoja. Yeye alikaa nao akawasikiliza. Akaona mambo yao yanapotea: maneno yao, kilimo chao, uvuvi wao, posa zao, namna walivyouguza wagonjwa na walivyozika wafu. Akashika kalamu akayaandika yote katika umbo la hadithi moja ndefu, kwa lugha ya mama yake, Kikerewe. Mwaka 1945 akaimaliza.

Sasa sikiliza yaliyofuata, ndugu yangu. Hakupatikana mtu wa kuichapa! Padri mmoja wa Kikanada, Almas Simard, aliipenda na akaanza kuifasiri kwa Kifaransa, lakini hakuishi akaiona ikichapwa. Miaka ikapita. Vita vikaisha, Uhuru ukaja mwaka 1961, Azimio la Arusha likaja mwaka 1967, na mswada ungali umelala. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakafika Ukerewe watafiti wawili wa Kimarekani, mume na mke, Gerald na Charlotte Hartwig, nao wakamtia moyo mzee ageuze kitabu chake kwa Kiswahili. Mzee wa miaka zaidi ya sabini akakaa tena kitako, akaanza upya ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, akikihamisha mwenyewe kitabu chake kutoka lugha yake kwenda lugha ambayo watu wangekubali kuisoma. Baada ya hapo akangoja tena zaidi ya miaka kumi. Kitabu cha *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali* kilipotolewa na Tanzania Publishing House, yapata mwaka 1980, ilikuwa imepita miaka thelathini na mitano tangu kilipokamilika. Na nakala zilipofika, mwenye kitabu alikuwa amekwisha kuzikwa.

Miaka thelathini na mitano! Mtoto aliyezaliwa siku kitabu kilipomalizika alikuwa mtu mzima mwenye wake na wana siku kilipochapwa. Ni nani aliyemdhulumu mzee huyu? Wengine watasema ni mkoloni, na mkoloni ana sehemu yake, sikatai. Wengine watasema ni wachapishaji, walioona kuwa kitabu kinene cha lugha ndogo hakina soko. Lakini soko ni nani? Soko ni mimi na wewe. Mchapishaji ni mfanyabiashara, anapima alichonacho mnunuzi kichwani mwake. Akituona tunapita mbele ya kitabu kama tunavyopita mbele ya kaburi tusilolijua, atachapa nini?

Hapa nataka tuvuke bahari kidogo, twende kwa ndugu zetu wa Uzbekistan, tupate mfano wa kujipimia. Katika mji wa Tashkent alizaliwa mwaka 1894, miaka miwili tu kabla ya Kitereza, mtu aitwaye Abdulla Qodiriy. Alisoma madrasa, akajua Kiarabu na Kiajemi, akawa miongoni mwa wale waliotaka Waislamu wa nchi zile waamke kwa elimu. Naye, kama Kitereza, aliandika riwaya kwa lugha ya mama yake juu ya maisha ya zamani ya watu wake. Riwaya yake ya kwanza jina lake maana yake ni "Siku Zilizopita", nayo ilitoka katika miaka ya 1920. Ni kisa cha kijana Otabek na mkewe Kumush, waliopendana, mpaka wazazi wa mume wakamlazimisha mtoto wao kuoa mke wa pili wamtakaye wao, na mwisho Kumush akauawa kwa sumu. Baadaye akaandika nyingine, na jina lake linamtaja nge atokaye mihrabuni, akiwakemea watu wa dini walioifanya dini kuwa ngazi ya kupandia kwa watawala.

Serikali ya Kisovieti haikumvumilia. Alitiwa nguvuni siku ya mwisho ya mwaka 1937, akauawa tarehe 4 Oktoba 1938 pamoja na waandishi wenzake. Vitabu vyake vikapigwa marufuku. Maandishi yenyewe ya Kiuzbeki yalikuwa yamekwisha kubadilishwa kutoka herufi za Kiarabu kwenda za Kilatini, kisha mwaka 1940 yakabadilishwa tena kwenda herufi za Kirusi, ikawa mtoto hawezi kusoma aliloandika babu yake. Dola kubwa, yenye jeshi na magereza na wapelelezi, ilikusudia kumfuta mtu mmoja mwenye kalamu.

Je, iliweza? La hasha! Watu walificha vitabu vyake majumbani, ilhali kupatikana navyo kulikuwa hatari. Mwaka 1956 akasafishwa jina, vikachapwa tena, na mwaka 1969 kisa cha Otabek na Kumush kikatengenezwa filamu. Leo ukimtajia Muuzbeki jina la Qodiriy, hatakuuliza ni nani.

Basi pima mwenyewe, ndugu msomaji. Kule mwandishi aliuawa kwa risasi, na kitabu kikaishi kwa sababu wasomaji walikuwako. Kwetu hakuna aliyetukataza. Hakuna askari aliyepita nyumba kwa nyumba Segese, Kahama au Geita akitafuta kitabu cha Kitereza akichome. Kiko huru, kwa lugha tuijuayo, na hatukukitaka. Wao walikuwa na marufuku wakasoma. Sisi tuna ruhusa tumelala. Ni taifa lipi kati ya haya mawili litakalokuwa na udhuru mbele ya wajukuu wake?

Sasa nirudi kwa kijana wangu wa barazani na hoja zake, nizijibu moja moja.

Hoja ya kwanza ni kuwa hadithi ni uongo, na Muislamu hafai kupoteza wakati kwa uongo. Uongo, kijana wangu, ni kumwambia mtu jambo lisilokuwako ili aamini kuwa liko. Mtunzi wa riwaya hamdanganyi mtu. Amekwambia tangu jaladani kuwa hii ni hadithi. Huo ni mfano, na kufundisha kwa mfano ni njia ya kale ya wanavyuoni wetu. Katika karne ya nane Ibn al-Muqaffa' alifasiri kwa Kiarabu *Kalila na Dimna*, hadithi za wanyama wanaosema, na Waislamu wakazisoma karne nyingi kwa ajili ya hekima iliyomo. Ibn Tufayl wa Andalusi, tabibu na mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1185, alitunga kisa cha Hayy ibn Yaqzan, mtoto aliyekulia kisiwani peke yake akamtambua Muumba wake kwa kutazama na kufikiri. Nani atasema hao walipoteza wakati?

Hoja ya pili ni kwamba mwenye kitabu ni Mkristo. Hoja hii ndiyo iliyoniuma zaidi, kwa kuwa imetoka kwa mtoto wa madrasa. Umesahau habari ya mateka wa Badr? Waliokuwa wanajua kuandika na hawana cha kujikombolea, fidia yao ilikuwa kuwafundisha watoto wa Madina kuandika. Walimu wale hawakuwa Waislamu. Walikuwa maadui waliotoka vitani jana! Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, hakuona haya kuipokea elimu ya herufi kutoka kwao. Sisi tunaogopa kitabu cha jirani aliyeishi ng'ambo ya maji haya haya ya Ziwa, aliyevua samaki tunaowala, na ambaye watu wake tunaoana nao.

Wala sitakuficha kitu. Humo kitabuni mna pombe ya ndizi kwa mitungi, mna waganga, mna matambiko. Mimi siyahalalishi, wala kusoma si kutenda. Lakini mtu anayeogopa kujua babu yake aliishi vipi, atajuaje Uislamu ulimtoa wapi na kumfikisha wapi? Shukrani ya neema hutimia kwa mwenye kuijua hali iliyotangulia neema.

Hoja ya tatu ndiyo swali lenyewe: itatusaidia nini? Sikiliza kisa kilichomo, nami nitakuachia uhukumu. Myombekere na mkewe Bugonoka hawakujaliwa kupata mtoto wa kuishi. Jamaa za mume wakaanza kumsema mke, wakimsimanga na kumtukana. Wazazi wa mke wakachoka kuona binti yao akidhalilishwa, wakaja wakamchukua. Myombekere angeweza kuoa mwingine, na ndivyo jamaa zake walivyotaka. Hakufanya hivyo. Alifunga safari akaenda kwa wakweze kwa unyenyekevu, akakubali kutozwa, akatafuta msaada wa rafiki kulipa alichotozwa, akamrudisha mkewe kwa heshima, kisha wakatafuta tiba wote wawili. Mwisho wakapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, na baada yake wa kike, Bulihwali.

Haya, kijana wangu. Nitazame usoni uniambie kama kisa hiki ni cha Ukerewe ya zamani tu. Hapa petu ni wanawake wangapi waliorudishwa kwao na bahasha ya talaka kwa sababu ya tumbo lisilozaa, na mume hata siku moja hakukubali kwenda hospitali kupimwa yeye? Ni mama wakwe wangapi wanaomwita mke wa mtoto wao majina ambayo kalamu yangu inaona haya kuyaandika? Tumehutubia juu ya jambo hili mimbarini, watu wakaitikia kwa vichwa, wakarudi nyumbani kama walivyokuja. Labda wangemsoma Bugonoka anavyoondoka nyumbani kwa mumewe, wangeona haya. Hotuba humwambia mtu kuwa amekosa, na hadithi humweka mahali pa yule aliyekosewa. Tunazihitaji zote mbili.

Na tazama ajabu hii: Otabek wa Tashkent na Myombekere wa Ukerewe, watu wawili waliotungwa na waandishi wasiojuana hata kidogo, mmoja Muislamu na mmoja Mkristo, wote wawili wana kisa kimoja, cha jamaa kuingia kati ya mume na mke. Ndiyo kusema binadamu ni mmoja, na jirani yako ana la kukufundisha.

Hoja ya nne haikusemwa barazani, lakini naisikia kila siku: hatuna fedha, vitabu ni ghali. Ndugu zangu, mimi naishi hapa hapa. Naona fedha inavyotumika siku duara likitoa. Naona simu zinavyobadilishwa, naona vocha zinavyokwanguliwa, naona mikeka ya kubashiri mpira inavyojazwa, jambo ambalo ni kamari na ni haramu kwa ijmai. Mtu anayepata fedha ya haramu na kukosa fedha ya kitabu hana umasikini wa mfuko; umasikini wake uko mahali pengine.

Wewe mchimbaji unaijua dhahabu kuliko mimi. Unajua kuwa mawe yakisagwa kwenye karasha na kuoshwa kwenye mwalo kwa zebaki, hayamaliziki dhahabu yote. Yanabaki marudio, unayaona mchanga tu. Anakuja mwenye mtaji, anayanunua kwa bei ya kutupa, anakwenda kuyachenjua kwa dawa, anatoa humo dhahabu kuliko uliyopata wewe uliyeshuka shimoni. Ukisikia alichopata unashika kichwa. Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mzee Kitereza. Sisi tulimwona mchanga. Katika miaka ya 1990 Wajerumani wakakitoa kitabu chake kwa lugha yao, na Wafaransa kwa yao. Mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, naye mtoto wa Ukerewe na mwandishi, akakitoa kwa Kiingereza, kikachapwa Dar es Salaam. Leo mwanafunzi wa Ulaya aweza kukuelezea posa ya Wakerewe, na wewe uliyezaliwa kando ya Ziwa unamsikiliza kwa mshangao.

Tena tusidhani kosa hili ni la wazee wetu peke yao. Oktoba mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Sisi tulifanya nini? Tukaanza kubishana ni wetu au si wetu, mwenzetu au Mwingereza. Waliobishana kwa sauti kubwa zaidi hawakuwa wamesoma hata kitabu chake kimoja! Mwaka 2022 riwaya yake moja ikatolewa kwa Kiswahili kwa jina la *Peponi*, kisa cha kijana Yusufu aliyetolewa rehani kwa deni la baba yake, akasafiri na msafara kuingia bara. Bara hiyo ndiyo huku kwetu. Ubishi ukapoa, na kitabu kingali dukani kikingoja kama mswada wa Kitereza ulivyongoja. Hata Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962 na ambaye kila mtu anamwita baba wa fasihi yetu, wengi wetu tulimsoma kwa ajili ya mtihani, na mtihani ulipokwisha tukamwaga naye pamoja na kemia.

Basi tufanye nini? Mimi si mtu wa kulalamika nikaondoka. Nasema mambo matatu, yote yamo ndani ya uwezo wetu.

La kwanza, kila madrasa iwe na rafu. Watu kumi wachange wanunue kitabu kimoja cha Kiswahili, kizunguke nyumba kumi, kisha wanunue kingine. Wahyi wa kwanza ulioteremka ulianza kwa amri ya kusoma. Madrasa isiyo na rafu ya vitabu inamfundisha mtoto amri ile bila ya kumpa pa kuitekelezea.

La pili, zamani wazee wa Kisukuma walikota moto jioni kwenye shikome, vijana wakasikia humo habari za ukoo, mafumbo, na kisa cha kila mlima. Mashikome mengi yamezimika. Wazee wenye habari hizo bado tunao wachache, na kila Ijumaa tunasikia mmoja kazikwa. Kijana mwenye simu ya kurekodi sauti ana chombo ambacho Kitereza hakukiota. Mzee wa watu alitumia kalamu, wino na macho yake. Kaa na babu yako saa moja, mrekodi, kisha uandike. Kisukuma kina wasemaji mamilioni, na vitabu vyake ni haba. Hiyo ni aibu yetu.

La tatu, ukimsikia kijana wa mtaani kwako anatunga, usimwambie atafute kazi ya maana. Mwambie, "Lete nisome." Maneno hayo mawili yangemfaa mzee Kitereza mwaka 1945 kuliko sifa zote tunazompa leo kaburini.

Kijana wangu wa barazani, najua utayasoma haya, kwani gazeti hili hupita mikononi mwa baba yako. Kitabu changu nimekiacha kwa muadhini. Ukikichukua, usinirudishie mimi. Mpe mwenzako aliyecheka pamoja nawe, naye akimaliza ampe mwingine. Deni la watu wengi hulipwa na watu wengi.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa watu wa kusoma na kuwaenzi wenye kalamu wakiwa hai, na awahifadhi wazee waliobaki. Amin. Wabillahi taufiq.